Makala Iliyosahihishwa Tura

Mama yangu alipoona bahasha ya kaki yenye mihuri miwili imeletwa nyumbani kwetu mtaa wa Cheyo, mjini Tabora, alikaa kitako juu ya mkeka, akauvuta ushungi wake mbele kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umeshtakiwa?"

Nikamwambia sikushtakiwa. Bahasha ilitoka Dar es Salaam, kwa mhariri wa jarida la wauguzi, na ndani yake mlikuwa na makala niliyoandika mwenyewe kuhusu wagonjwa wangu. Akauliza makala ni kitu gani. Nikamweleza kwamba ni maandishi ya mtu aliyelichunguza jambo kazini, akaandika alichokiona, ili wenzake walio mbali nao wafaidike.

Mama akafikiri kidogo. "Ni jambo jema. Sasa mbona wameirudisha?"

 Walikuwa wameirudisha kweli, kurasa zote kumi na mbili, na mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu nusu ya mtaa kwamba nitachapishwa.

Wakati huo nilikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili. Nilianza kama wauguzi wengine, kufunga vidonda na kupima homa, kisha nikapelekwa mbali kwa mafunzo ya juu ya magonjwa ya akili, nikarudi Tabora katika miaka ile ambayo watu walikuwa wanahamia vijiji vya Ujamaa na redio haikuchoka kutuhimiza kulima. Wodi yetu ilikuwa jengo refu la bati nyuma ya hospitali, na mbele yake tulikuwa na matuta ya mchicha yaliyolimwa na wagonjwa wenyewe. Hakuna aliyeliita wodi. Wote, kuanzia wafagiaji hadi wakubwa, walisema "kule nyuma." Mtu akija na mgonjwa anayesema peke yake, wanamwambia, "Mpeleke kule nyuma." Nami nilikuwa sista wa kule nyuma, na nilijivunia, maana mchicha wetu ulikuwa mzuri kuliko wa jikoni.

Kilichonisumbua kilikuwa kimoja. Mgonjwa alikuja kwetu amefungwa kamba, akatibiwa, akatulia, akaanza kucheka na kuulizia watoto wake. Tulimpandisha treni na kopo la vidonge, na sisi wenyewe tukafurahi siku nzima. Baada ya miezi michache alirudi vilevile, kamba ileile. Ukiuliza dawa, ndugu wanasema aliacha. Nilinunua daftari kubwa la kaunta nikaanza kuandika: nani ameondoka, amerudi baada ya muda gani, anatoka kijiji gani, anafanya kazi gani. Lilipojaa nikanunua la pili.

Ofisini kulikuwa na rundo la majarida ya zamani ambayo mtu fulani aliyehamishwa aliyaacha. Niliyasoma yote wakati wa mapumziko ya mchana. Yalikuwa ya maana, lakini walioyaandika walikuwa watu wa hospitali kubwa za miji mikubwa, ambako mgonjwa akiruhusiwa anarudi nyumbani kwa basi la dakika ishirini. Sikuona hata mmoja aliyetaja mgonjwa anayeshuka stesheni ndogo porini na kutembea nusu siku. Nikajisemea, haya ninayoyajua mimi, mbona hayamo?

Daktari wetu alikuwa kijana wa Bukoba, mrefu, mpole, mwenye haraka daima kama mtu aliyeacha chungu motoni. Nilipomwambia ninataka kuandika makala, alicheka, wala si kwa ubaya.

"Sista, utafiti ni kazi ya madaktari. Nipe hayo madaftari, mimi nitaandika. Mwishoni nitakushukuru kwa jina."

"Shukrani ninazo nyingi, Daktari," nikamjibu. "Kila mgonjwa anayetoka ananiachia moja. Ninachotaka ni kuandika."

Alinitazama, akaona sitanii. Tukakubaliana kwamba nitaandika mimi, yeye atakipitia kile Kiingereza changu, na jina lake litakuwa la pili. Kwa muda ule niliona nimeshinda.

Niliandika alasiri, baada ya zamu, kwenye meza ya wodi, wagonjwa wakipita na kunichungulia. Mmoja aliniuliza kama ninamwandikia Rais. Nilipomaliza nikampelekea karani wa ofisi anipigie chapa. Huyu alikuwa mzaliwa wa mjini kama mimi, mtu wa kanzu safi kila Ijumaa, na mashine yake ilikuwa na ugonjwa wa herufi e: ilijaa wino, ikatoka kama doa. Katika Kiingereza huwezi kukimbia e. Kwa hiyo alipiga ukurasa, kisha akakaa na kalamu iliyochongwa vizuri kuzitengeneza herufi moja moja, huku akisoma. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu karani alikuwa msomaji hodari.

"Dada, jambo hili umelisema ukurasa wa pili, ukalisema wa tano, na hapa tena unalisema. Wasomaji wako ni viziwi?"

Nilikasirika, nikafuta. Alikuwa na haki.

Makala ile ya kwanza ilisema, kwa maneno mazuri, kwamba wagonjwa wetu wanaacha dawa kwa sababu hawaelewi ugonjwa wao. Wakipata nafuu wanadhani wamepona kabisa. Wengine wanavutwa na waganga. Dawa yake, nikaandika, ni kuwaelimisha wao na ndugu zao. Niliona nimesema jambo zito. Tukaipeleka posta, nikangoja miezi, na ikarudi katika ile bahasha ya kaki iliyomtisha mama.

Barua ya mhariri ilikuwa ya adabu. Alisema makala ilisomwa na watu wawili wenye ujuzi. Wa kwanza aliipenda, akataka nifupishe. Wa pili hakuandika mengi. Pembeni ya ile sentensi yangu kuhusu kutoelewa aliandika kwa penseli: mwandishi amejuaje? Kisha, chini kabisa, mhariri akakumbusha kwamba yule mgonjwa ambaye nilisimulia habari zake kwa urefu, mrina asali wa karibu na Tura, lazima atoe idhini.

Nilikwenda na barua kwa daktari, nikitaka anionee huruma, naye akanionea. Alisema wasomaji wa majarida wana kiburi. Nikaenda kwa karani, nikitaka huruma zaidi. Akaisoma barua yote, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Lakini dada," akasema, "umejuaje?"

 Nilijua kwa sababu sote tulijua. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo tulivyosemezana wodini. Nilirudi kwenye madaftari yangu mawili nikayapekua ukurasa kwa ukurasa. Nilikuwa nimeandika tarehe, vijiji, kazi, idadi ya vidonge. Hakuna mahali nilipoandika mgonjwa alisema nini.

Wiki iliyofuata nilipanda gari moshi la asubuhi kwenda Tura. Reli pale inafuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu kwenda pwani, na ukitazama dirishani unaona miombo tu, saa baada ya saa, imesimama kama watu wanaosubiri kuitwa. Nilishuka na kikapu changu, makala ndani yake, nikafuata njia ya miguu hadi kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama madawati ya shule, na shamba la pamoja la karanga limeanza pale nyumba zilipokwisha.

Yule mrina asali nilimkuta amekaa mbele ya mlango wake anashona mzinga wa gome. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, macho yake yanacheka kabla ya mdomo. Alipokuwa kwetu kule nyuma alikuwa akinena na watu wasioonekana, akiwakemea. Sasa alikuwa ametulia, ingawa nilijua dawa aliziacha tena.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, sista. Umekuja kunichukua?"

"Sijaja kukuchukua. Nimekuja kukusomea kitu."

Mkewe akaniletea kigoda na sahani ya matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, akakaa pembeni na karanga zake akibangua. Nikamweleza yule bwana kwamba nimeandika habari zake, sikutaja jina, na sina haki ya kuzipeleka mbele bila yeye kukubali. Kisha nikamsomea, nikikigeuza kile Kiingereza kuwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Alisikiliza kwa makini sana, sindano yake ya kushonea gome mkononi. Nilipofika pale niliposema kwamba mgonjwa huacha dawa kwa kudhani amepona, alianza kucheka. Mkewe akacheka pia.

"Sista, hayo nani alikwambia?"

"Niliona mwenyewe. Uliacha dawa."

"Uliona nimeacha. Sababu hukuniuliza."

Akaweka mzinga chini, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yangu. Ulikuwa umetulia kabisa. "Unauona? Huu ni mkono bila vidonge vyako. Nikinywa kama mlivyoniagiza, unatetemeka hivi." Akautikisa. "Na mwili unakakamaa kama gogo. Sasa mimi napanda mti kwa kamba, mkono mmoja nimeshika kamba, mwingine nimeshika mwenge wa moshi. Nyuki hawana subira na mkono unaotetemeka. Nilishaanguka mara moja. Basi nikakaa nikachagua kati ya kichwa na mkono. Na mkono ndio unaolisha watoto."

"Na usingizi," mkewe akaongeza bila kuinua macho kwenye karanga. "Wenzake wako shamba la kijiji, yeye amelala. Mwenyekiti akamwita mbele ya mkutano, akamwambia ni mvivu. Hajawahi kuitwa mvivu maisha yake yote."

Nikamuuliza, na naikumbuka aibu niliyokuwa nayo nikiuliza, kwa nini hakutuambia alipokuwa kwetu.

"Ningesema nani angesikia? Mwendawazimu akisema dawa mbaya, ndiyo kwanza mnaongeza."

Hapo nilicheka mpaka nikashika tumbo, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukifanya, neno kwa neno. Naye akacheka. Tuliponyamaza akasema tena, safari hii taratibu.

"Babu yangu alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na kurudi mara nyingi. Alituambia kwamba mtu akilia njiani kwamba mzigo unamuumiza, mnyapara mjinga anampiga. Mnyapara mwenye akili anautua mzigo anautazama, maana labda umefungwa vibaya. Mtu huyohuyo, mzigo huohuo, ukifungwa upya anafika."

Nikatoa kalamu nikayaandika maneno hayo nyuma ya ukurasa wa mwisho wa makala yangu, kurasa zangu kumi na mbili nzuri, ambazo nilishajua kwamba hazina kazi tena.

"Idhini umenipa?" nikamuuliza wakati wa kuondoka.

"Nimekupa. Lakini uandike na habari za mkono."

Miezi iliyofuata ilikuwa ya furaha kwangu kuliko yote ya kazi yangu. Nilianza upya. Kila mgonjwa aliyerudi, na kila niliyeweza kumfikia kijijini siku zangu za mapumziko, nilimuuliza swali lile nililopaswa kuliuliza tangu mwanzo: kwa nini uliacha? Kisha nikanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu, kwa maana muuguzi amefundishwa kushauri. Mama mmoja aliniambia hawezi kutwanga, mchi unamponyoka. Fundi cherehani wa mjini alisema sindano haikubali uzi, amepoteza wateja wake. Binti mmoja alisema anadondosha mate, naye ana mchumba. Si wote waliotaja mwili, la. Wengine kopo liliisha na zahanati haikuwa na dawa. Mzee mmoja aliniambia wazi kwamba aliwakumbuka wale waliokuwa wakisema naye, nyumba ilikuwa kimya mno bila wao. Na walikuwepo wachache ambao kweli walidhani wamepona. Lakini hao hawakuwa wengi kama nilivyoandika kwa uhakika wote ule.

Nilipoandika upya, makala ilitoka fupi. Nilimpelekea daktari aipitie. Aliisoma amesimama, kama kawaida yake, kisha akakaa, jambo ambalo sikuzoea kuliona. Aliisoma tena.  Alinyanyuka akaenda wodini, nami nikamfuata, akasimama katikati ya vitanda akasema, "Ndugu zangu, naomba kila mtu anyooshe mikono mbele."

Wakanyoosha. Alipita akiitazama moja moja, pole pole, mikono iliyotulia na iliyotetemeka, na alipofika mwisho wa safu aliniomba faili zote. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika zile dozi. Siku ile na zilizofuata alizipunguza kidogo kidogo, huku tukiwaangalia, kwa wengine akahamishia dozi kubwa jioni. Ipo dawa ya kutuliza mtetemo, lakini ilikuwa ikitufikia kama mgeni asiye na ratiba. Tulifanya kwa tulichokuwa nacho. Wengi walipata nafuu ya mikono bila kupoteza kichwa. Wawili hawakuweza, ikabidi turudishe dozi, na tukawaeleza kwa nini.

Kisha daktari akachukua makala, akakata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Daktari, tulikubaliana."

"Mimi sikupanda treni," akasema, akatoka kwa haraka yake ya siku zote.

Karani akaipiga chapa tena, akazitengeneza e zake moja moja, akafika mwisho bila neno. Nikamuuliza kama hana la kusema.

"Ninalo," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa imeandikwa na mtu aliyesoma sana. Hii imeandikwa na mtu."

Sikujua kama nimesifiwa. Nikaipeleka posta mwenyewe.

Safari hii bahasha iliyorudi ilikuwa nyembamba, na mama hakuniuliza kama nimeshtakiwa, aliniuliza kama wamekubali. Walikubali. Yule msomaji wa pili, yule wa penseli, alituma maneno mawili matatu kupitia kwa mhariri kwamba swali lake limejibiwa. Sikuwahi kujua alikuwa nani. Ningemjua ningempelekea asali.

Jarida lenyewe lilipofika tulilifungua sebuleni, mama, mimi na majirani waliojikuta wana haja ya kuazima chumvi saa ileile. Makala ilikuwa ukurasa wa thelathini na kitu, herufi zake nzuri, e zote zimetimia. Jina langu lilikuwa juu kabisa, peke yake, na mbele yake mchapaji aliweka: Bwana.

Nilimwonyesha mama kwa kidole, nikamsomea. 

"Wamekufanya mwanamume," akasema.

"Wamedhani."

"Waache. Baba yako, Mungu amrehemu, alitaka mtoto wa kiume. Sasa anaye katika karatasi."

Majirani waliangua kicheko, na mwezi mzima uliofuata nikienda kuteka maji au kununua mboga niliamkiwa kwa heshima zote kama Bwana Makala. Mhariri aliandika baadaye kuomba radhi, na toleo lililofuata likasahihisha kwa mstari mmoja mdogo ambao hakuna aliyeuona isipokuwa mimi na karani.

Nakala moja niliipeleka Tura. Mrina asali alikuwa anakwenda zahanati kila mwezi sasa, dozi yake ndogo, mizinga yake juu ya miti. Aliugua tena mara moja tu katika miaka niliyokuwa pale, na mara hiyo alikuja kwetu kwa miguu yake mwenyewe, akaniambia, "Sista, nimeanza kuwasikia, nikaona nije mapema." Siku ile ya jarida alilishika kwa mikono miwili akaomba nimwonyeshe alipo yeye. Nikamwonyesha mahali palipoandikwa Mgonjwa wa Tatu.

"Jina langu halimo?"

"Ni kanuni. Tunakuficha ili watu wasikujue."

"Watu gani? Kijiji kizima kilinikimbiza mpaka stesheni, wananijua wote." Akalitazama tena. "Na kwa nini wa tatu? Wa kwanza ni nani?"

Nikamwambia siwezi kumtaja. Hakuridhika. Mkewe alituambia tuache kubishana, asali imeshachujwa. Nilirudi mjini na debe dogo lililofungwa kwa majani, likanivujia kwenye sketi ya kazi, na abiria wote wa behewa wakajua ninatoka wapi.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Miezi kadhaa baadaye ilikuja barua kutoka Lusu, upande wa Nzega. Aliyeandika alikuwa mganga msaidizi wa zahanati, mtu ambaye sikumfahamu. Mwandiko wake ulikuwa wa kulalia kulia, na alianza kwa kuniita Bwana. Alisema jarida lilimfikia kwa bahati, limetumika kufungia boksi la sindano. Kwake Lusu kulikuwa na wagonjwa wachache wa akili, wakulima na wafugaji, waliokuwa wakiachwa waishi wanavyoweza. Akawaita, pamoja na ndugu zao, akawasomea makala yangu kwa Kinyamwezi, kutoka mwanzo hadi mwisho, ikachukua asubuhi nzima.

"Wamefurahi na wanakusalimu," aliandika. "Lakini wanasema sehemu mbili umekosea, na wanaomba uje wakueleze."

Niliisoma barua ile kwa sauti wodini, kule nyuma, wagonjwa wakacheka, na mmoja wao akaniambia nibebe kitu cha kuwapelekea. Ijumaa nikaomba ruhusa kwa daktari. Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye basi la Nzega, daftari jipya la kaunta magotini na fungu la mchicha miguuni.